Mombasa Ilipokuwa na Waskoti Wake

Ilikuwa usiku baada ya sala ya Isha, hapa Mtopanga, Kisauni, kwenye uwanja wa nyumba iliyokuwa na harusi. Mikeka ilikuwa imetandikwa, kahawa chungu na haluwa zilikuwa zimekwisha kupita, na vijana waliokodiwa na vipaza sauti vyao walikuwa wakihangaika na nyaya kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Katika kungoja huko, kijana mmoja alitoa simu yake akatuonyesha wanajeshi wa Oman waliojipanga mbele ya ngome kubwa ya mawe mjini Edinburgh, kila mmoja amekumbatia kiriba kwapani na anapuliza.

"Babu, hicho ni kitu gani wanachopiga?" akamwuliza mzee aliyekaa kando yangu.

Mzee alitega sikio kidogo, kisha akasema, "Hiyo ni nzumari tu, mjukuu wangu. Ila hao wameitia tumbo."

Watu waliangua kicheko. Lakini, ndugu msomaji, mzee yule hakukosea hata kidogo, na neno lake ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwani wako wengi wanaodhani kwamba muziki wa Waskoti na sketi zao ni mambo ya mbali yasiyotuhusu. Kumbe mji wetu huu wa Mombasa uliwahi kuwa na Waskoti wake, weusi na Waislamu, nao walikuwa watoto wa mitaa yetu wenyewe.

NZUMARI YENYE TUMBO

Tuanze na hiyo nzumari. Nzumari yetu ya Pwani ni mti uliochongwa ukatobolewa matundu. Juu una vijilimi viwili vyembamba vinavyotetemeka kinywani, na chini unapanuka mfano wa pembe. Aipigaye hujaza hewa mashavuni hadi yakafura kama maputo, kisha huvuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kuisukuma hewa nje. Kwa hila hiyo sauti haikatiki, na wachezaji wa chakacha au wa sengenya hawapati nafasi ya kupumzika.

Basi nzumari ya Waskoti ni hiyo hiyo. Nayo ina vijilimi viwili, nayo ina mti wenye matundu unaopanuka kwenda chini. Tofauti ni kwamba badala ya mashavu wao hutumia kiriba cha ngozi. Mpigaji hukijaza kwa mdomo na kukibana kwa kiwiko, na hewa hutoka bila kukoma. Juu ya bega lake husimama mabomba matatu yanayovuma sauti moja isiyobadilika, kama mvumo wa bahari nyuma ya mwimbaji.

Wala Waskoti hawakuwa peke yao katika ufundi huo. Waarabu na Waajemi wa Ghuba wana nzumari yao ya kiriba iitwayo habban, au jirba, inayotengenezwa kwa ngozi ya mbuzi. Katika mji wa Sialkot, Pakistan, mafundi Waislamu hutengeneza nzumari za Kiskoti na kuziuza duniani kote. Na wale wanajeshi wa Oman tuliowaona simuni wana historia yao. Marehemu Sultan Qaboos bin Said, aliyetawala kuanzia 1970 hadi 2020, alisomea uanajeshi Sandhurst, Uingereza, kisha akatumika kwa muda katika kikosi cha Kiskoti kilichoitwa Cameronians. Oman ya leo ina bendi zake za nzumari, na wamo hata wapigaji wanawake. Kwa hiyo wale jamaa zetu wanaoishi Maskati, wengi wao wakizungumza Kiswahili nyumbani, huiona nzumari ya kiriba katika gwaride za nchi yao wala hawaishangai.

SHEREHE YA WASKOTI

Uskoti ni nchi iliyo kaskazini mwa kisiwa cha Uingereza, yenye baridi, milima na mvua. Watu wake wametawanyika duniani, na kila walipofika walianzisha vyama vya kukumbukia kwao. Hata Nairobi wana chama chao. Siku zao kubwa ni mbili. Tarehe 30 Novemba ni siku ya Mtakatifu Andrew, ambaye wao humhesabu kuwa mlinzi wa nchi yao. Tarehe 25 Januari ni usiku wa kumkumbuka mshairi wao Robert Burns, aliyezaliwa mwaka 1759 na kufa mwaka 1796.

Usiku huo wa Burns una taratibu zake. Watu huketi mezani, wanaume wamevaa kilti, yaani ile sketi ya mikunjo yenye miraba ya rangi. Mpiga nzumari hutangulia, na nyuma yake huletwa sinia yenye chakula kiitwacho haggis. Chakula hicho hufanywa kwa moyo, ini na mapafu ya kondoo, vikakatwakatwa na kuchanganywa na shayiri, shahamu, vitunguu na pilipili manga, kisha vikatiwa ndani ya tumbo la kondoo na kuchemshwa. Mtu husimama akakisomea shairi chakula hicho kabla ya kukipasua kwa kisu. Baadaye hufuata nyimbo, hotuba za utani kati ya wanaume na wanawake, na ngoma za kushikana mikono.

Msomaji wa Pwani atasema, "Kumbe ni matumbo!" Naam, ni matumbo, chakula cha watu maskini ambao hawakutupa kitu cha mnyama. Na vile vibiskuti vyao vya unga, siagi na sukari vinavyomung'unyika kinywani, mama zetu watavitambua kuwa ni ndugu wa vileja. Kuna wiski pia, na hiyo tutawaachia wenyewe.

Wala si lazima mtu awe Mkristo ndipo awe Mskoti. Katika mji wa Glasgow wanaishi Waislamu wengi, hasa wenye asili ya Pakistan. Huko haggis ya halali huuzwa, na haggis inayochovywa katika unga wa dengu na kukaangwa kama bajia imekuwa chakula cha kawaida. Mwaka 2012 ilitengenezwa hata tartani ya Kiislamu, yaani ule mpangilio wa miraba ambao kila ukoo wa Kiskoti huwa na wake. Buluu yake ni ya bendera ya Uskoti na kijani ni ya Uislamu. Mistari mitano meupe ni nguzo tano za Uislamu, mistari sita ya dhahabu ni nguzo sita za imani, na mraba mweusi ni Al-Kaaba. Mtu huyo anaivaa nchi yake na dini yake katika kitambaa kimoja.

Lakini kuna jambo moja la kukumbuka juu ya sketi hiyo. Tarehe 16 Aprili 1746 watu wa milima ya Uskoti walishindwa vibaya na jeshi la serikali katika vita vya Culloden. Mwaka huo huo bunge la London lilipitisha sheria ya kuwakataza wanaume wa milimani wasivae mavazi yao ya asili, na sheria hiyo ilidumu mpaka mwaka 1782. Miaka thelathini na sita ni mingi: mtoto huzaliwa, akakua, akaoa, hajamwona babake akivaa vazi la babu yake. Hata hivyo vazi halikufa. Mwaka 1822 mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott ndiye aliyepanga mapokezi, na mfalme mwenyewe akavaa kilti. Mengi yaliyoonyeshwa siku ile yalipambwa na kuongezwa chumvi, lakini watu waliyapokea wakayafanya yao.

WALIVYOFIKA KWETU

Waskoti walifika Mombasa mapema. Sir William Mackinnon, mzaliwa wa Campbeltown, Uskoti, ndiye aliyeiongoza kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kuitawala nchi hii mwaka 1888, na Mombasa ikawa makao yake. Jina lake lilipewa soko letu, lile ambalo sisi tuliliita Marikiti na mpaka leo tunaliita hivyo hivyo. Liko pia katika steshoni ya reli ya Mackinnon Road. Sanamu yake iliyosimama mjini iliondolewa baada ya uhuru ikapelekwa Uskoti.

Hata huku Kisauni kwetu upo mkono wao. Mwaka 1875 wamisionari walianzisha kijiji cha Freretown kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Miongoni mwa waliokaa huko alikuwa Matthew Wellington, mmoja wa wale waliobeba maiti ya Mskoti David Livingstone kutoka bara mpaka Bagamoyo, safari iliyomalizika mwaka 1874. Wellington alifariki Mombasa mwaka 1935.

Lakini hao walikuwa Waskoti wa kuzaliwa na watumishi wao. Mimi nataka kuwazungumzia wale wa kwetu.

SCOTCHI WA MVITA

Wazee waliotutangulia waliijua ngoma iitwayo beni. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi. Ngoma hii ilizaliwa katika miji yetu ya Pwani kuelekea mwisho wa karne ya 19, watu walipoona gwaride na matarumbeta ya Wazungu. Walichukua ngoma kubwa, matarumbeta, mwendo wa kijeshi na vyeo, wakavitia ndani ya jambo ambalo Waswahili walikuwa nalo tangu zamani: mashindano ya mtaa na mtaa.

Lamu ilikuwa na makundi yake, na Mombasa ilikuwa na yake. Hapa Mvita palikuwa na Kingi, palikuwa na Kilungu, na palikuwa na kundi lililojiita Scotchi. Hao ndio Waskoti wetu. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 walitokea barabarani wamejipamba mfano wa askari wa Uskoti. Profesa Terence Ranger, aliyeandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, amewataja pamoja na makundi mengine ya mji huu.

Vita Vikuu vya Kwanza viliitawanya beni kotekote. Tanga na Dar es Salaam zikawa na Marini na Arinoti, kila upande na mfalme wake, majenerali wake na madaktari wake. Ngoma ikapanda bara, ikafika hata nchi iitwayo leo Malawi, ambako vijana walipuliza vibuyu badala ya tarumbeta na kuiita malipenga.

Wanawake nao hawakubaki nyuma. Walikuwa na lelemama, ngoma ya kupanga safu na kucheza kwa madaha, mikono na mabega yakisema zaidi kuliko miguu. Vyama vyao vilishindana vikali, kwa mavazi, kwa nyimbo za kurushiana maneno na kwa karamu. Wasomaji wenye umri watakumbuka majina ya Ibinal Watan na Banu Saada. Bibi Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza kwamba vyama hivyo havikuwa vya kucheza peke yake. Mwanachama akiwa na harusi, wenziwe walimsaidia; akifiwa, walikuja kumzika na kumfariji.

JE, ILIKUWA NI KUIGA?

Hapa ndipo penye swali lenyewe. Mwiga ndovu hupasuka msamba, walisema wahenga. Je, kijana wa Kiswahili aliyejivisha kama askari wa Uskoti, nchi yake ikiwa chini ya Waingereza, hakuwa akijidhalilisha?

Wako waliosema ndiyo, nao hawakuwa watu wadogo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni mkubwa aliyezaliwa mwaka 1891, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, aliwaonya Waislamu wa Pwani juu ya israfu na juu ya kuwafuata Wazungu kwa upofu. Hakukataa elimu wala maendeleo. Alichokikataa ni mtu kuiga nguo na mchezo wa mwenzake, kisha akaacha ile kazi na ilimu iliyompa mwenzake nguvu. Na kwa hakika katika mashindano hayo ng'ombe walichinjwa kwa fahari tu, na wako walioingia madeni ili mtaa wao usiaibike. Onyo la Sheikh lilikuwa na haki yake, na lingali na haki yake tukitazama harusi zetu za leo.

Lakini mimi naona kuna upande wa pili ambao haufai kusahauliwa. Scotchi hawakutaka kuwa Waskoti. Hawakula haggis wala hawakujua Culloden. Walitaka kuwashinda Kingi! Walichukua vazi la watu wengine wakalivalia ugomvi wao wenyewe, kwa nyimbo za Kiswahili, katika barabara zao wenyewe. Mtawala alizoea kuona sketi ile mwilini mwa askari wake, na siku hiyo aliiona mwilini mwa kijana wa Mvita anayejiita jenerali. Sijui kama alicheka au alikasirika, lakini lazima alitazama mara mbili.

Na tukumbuke kwamba mwanamume wa Pwani hakuhitaji Mskoti wa kumfundisha kujifunga nguo kiunoni. Kikoi chetu kina miraba na mistari yake, nacho huvaliwa msikitini, baharini na barazani. Huenda ndiyo sababu vazi lile halikuwashinda kulivaa.

WAO WAMEKUMBUKA, SISI JE?

Leo Scotchi hawapo. Hakuna anayepita mtaani na jina hilo, na vijana wengi hawajalisikia. Zanzibar wameihifadhi beni yao. Mpaka leo husikika katika harusi, na imetumika kufungulia tamasha la Sauti za Busara kwa maandamano mjini. Hapa kwetu imebaki katika vitabu viwili vitatu, na vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza.

Kinachoniuma si kupotea kwa sketi. Sketi haikuwa yetu, na ikienda na iende. Kinachoniuma ni nzumari. Waskoti wana chuo cha nzumari mjini Glasgow kilichofunguliwa mwaka 1996. Kila Agosti bendi kutoka nchi nyingi hushindana katika mji huo huo, na wamo watoto wa shule. Na wana njia ya kale ya kufundisha: mwalimu huiimba kwanza tuni yote kwa mdomo, kwa silabi maalumu zinazomwonyesha mwanafunzi kila sauti na kila pambo lake, ndipo vidole hufuata. Msomaji aliyefundishwa ngoma na mzee wake ataijua njia hiyo, kwa maana ndiyo yetu pia: ngoma huanza mdomoni kabla ya kufika mkononi.

Mshairi wao aliyeandika kwa lugha ya kwao ana usiku wake kila mwaka, nao huadhimishwa hata Nairobi. Sisi tuna Muyaka bin Haji, aliyeitungia Mombasa mashairi kwa Kimvita kitamu, akafariki mwaka 1840. Tungo zake zingalipotea lau si juhudi za Mwalimu Sikujua na Mwingereza Taylor waliozikusanya. Ni nani kati yetu aliyewahi kualikwa kwenye chakula cha usiku wa Muyaka? Na lingekuwa jambo gumu gani? Sinia ya pilau, birika la kahawa, mashairi mawili matatu, na mpiga nzumari mmoja mlangoni. Hakuna haramu ndani yake wala hakuna israfu.

Nilimwuliza mzee wa Mtopanga kama yuko bado mtu wa kupiga nzumari karibu.

"Yuko mmoja," alinijibu, "lakini mashavu yamechoka. Na wanawe hawakutaka."

"Na wajukuu?"

"Wajukuu hakuna aliyewauliza."

Nilipotaka kumwuliza zaidi, umeme ulirudi. Vipaza sauti viliunguruma, taa zikawaka rangi rangi, na vijana wakapiga makofi kwa furaha. Hatukuweza kusikilizana tena. Yule kijana wa simu alikuwa bado ameketi mbele yetu, ameisogeza simu sikioni ili aisikie ile nzumari ya Oman katikati ya kelele.

Mzee alimgusa bega, akainama akamnong'oneza kitu. Kijana alimtazama, akazima simu, akaitia mfukoni. Kisha nilimwona mzee anafura mashavu yake mawili, na kijana naye anafura yake, anamwiga, huku wanacheka wote wawili.

Mwacha mila ni mtumwa, tunaambiwa kila siku. Lakini mila haiachwi na mtoto aliyekataa kuifuata peke yake. Huachwa pia na mzazi asiyemwita mtoto akamwonyesha namna ya kuvuta pumzi.